Msingi hatukuuweka sisi

Haya niliyaongea Masasi mjini mwezi Januari, kwenye wiki ya kuombea umoja wa Wakristo. Mvua ilikuwa inapiga bati na spika zinakatika katika, waliokaa nyuma wakalalamika hawajasikia kitu, basi nimeyaandika karibu na yalivyotoka mdomoni.

Tumsifu Yesu Kristo!

Bwana Yesu asifiwe!

Mnaona sasa. Upande huu mmeitikia ya kwanza, upande ule ya pili, na pale kwenye nguzo kuna watu wameitikia zote mbili kwa nguvu ileile, hao nawajua, hao ni Waanglikana wenzangu, sisi wa Masasi hatueleweki tuko upande gani. Muanglikana wa Dodoma akija hapa jumapili akaingia Mtandi akakuta ubani, kengele, padre kavaa kasula na watu wanaiita ibada Misa, anatoka nje kusoma kibao tena asije akawa kaingia Roma. Na ni kanisa moja lile, askofu mkuu mmoja tangu lilipokuwa jimbo la kujitegemea mwaka 1970. Tofauti ni kwamba kule walikwenda wamisionari wa CMS, Waanglikana wa upande wa Kiprotestanti zaidi, huku wakaja wa UMCA, Waanglikana wa upande wa Kikatoliki zaidi, kwa hiyo kule wana mchungaji na huku tuna padre. Kama ndani ya kanisa moja tunaweza kutofautiana hivyo na bado tukakaa meza moja, mimi sioni kwa nini neno umoja linatutisha hivi.

Wazee wangu, mababa na mamama, mapadre, wachungaji, masista, na nyinyi vijana wa kwaya ambao najua mnangoja nimalize mle pilau, nimepewa mada kubwa kuliko mimi. Msingi wa kweli wa kanisa na umoja wake. Mimi ni mwalimu mstaafu tu, siyo mwanatheolojia, ila nimesoma soma na nimeishi na hawa watu wa makanisa miaka mingi, na nina neno moja tu ambalo nitalizungusha zungusha mpaka mchoke nalo: msingi hatukuuweka sisi, na umoja hatuutengenezi sisi. Tumeukuta. Kazi yetu ni kuacha kuubomoa.

Tuanze Korintho manake pale ndo kesi ilianzia. Paulo yuko Efeso, miaka kama ishirini na kitu baada ya Bwana kusulubiwa, anapata habari kutoka kwa watu wa nyumbani kwa Kloe kwamba kule Korintho kanisa lina makundi. Mmoja anasema mimi wa Paulo, mwingine mimi wa Apolo, mwingine wa Kefa, yani Petro, na mwingine anasema mimi ni wa Kristo. Sasa hapa watu wengi wanapita haraka. Wale wa mwisho, wale wa Kristo, mbona Paulo kawaweka kwenye orodha moja na wakorofi? Si ndo jibu sahihi hilo? Mimi naona kawaweka makusudi, kwa sababu mtu anaweza kulichukua jina la Yesu mwenyewe akalifanya dhehebu, akasimama pembeni akasema nyinyi mna madhehebu sisi hatuna, sisi ni Biblia tu, sisi ni wa Kristo. Tunao hao mpaka leo, tena wanakodi ukumbi wanaweka bango kubwa kuliko la wengine wote. Hujawa wa Kristo kwa kuwakataa wenzako ambao nao ni wake.

Halafu angalia Paulo anavyojibu. Hasemi undeni kamati. Anauliza maswali tu: Kristo amegawanyika? Paulo ndiye aliyesulubiwa kwa ajili yenu? Au mlibatizwa kwa jina la Paulo? Halafu anasema namshukuru Mungu sikumbatiza mtu kwenu ila Krispo na Gayo, kisha kama amekumbuka katikati ya kuandika anaongeza, ah, na watu wa nyumbani kwa Stefana pia, zaidi ya hao sijui kama nilibatiza mwingine. Yani mtume mkubwa hivi hana hata daftari la aliowabatiza! Mimi nikisoma pale huwa nacheka. Sisi leo tunajua idadi kwa namba, tunaisoma kwenye ripoti ya mwaka, tunampigia makofi mchungaji aliyevuna wengi, tena wengine wamevunwa kutoka parokia ya jirani.

Mlango wa tatu ndo anakuja kwenye msingi wenyewe. Anasema mimi kama mjenzi niliweka msingi pale kwenu na mwingine anajenga juu yake, lakini kila mtu aangalie anavyojenga, maana msingi mwingine hakuna mtu awezaye kuuweka isipokuwa ule uliokwisha kuwekwa, ambao ni Yesu Kristo. Fundi yeyote hapa anaelewa hili. Ukiitwa kumalizia nyumba aliyoianza fundi mwingine, unauliza kwanza msingi unapita wapi, halafu unafuata kamba ileile, ukitoka nje ya msingi kwa sababu unataka sebule pana kuliko jirani, ukuta utasimama mwaka mmoja wa mvua na wa pili utapasuka, na hautapasukia katikati, utapasukia pale hasa ulipotoka nje.

Najua mtu wa Katoliki hapa anasema moyoni, mwalimu mbona umeruka Mathayo kumi na sita, juu ya mwamba huu nitalijenga kanisa langu. Sijaruka. Maana hapo ndipo watu wamegombania kwa karne nyingi, mwamba ni Petro mwenyewe, au ni imani aliyoikiri Petro, au ni Kristo aliyekiriwa. Mtakatifu Augustino, ambaye Wakatoliki na Waprotestanti wote wanamdai ni wao, alifundisha kwanza kwamba mwamba ni Petro, baadaye akafundisha mara nyingi kwamba mwamba ni Kristo, na uzeeni alipopitia maandishi yake upya akaziweka tafsiri zote mbili akamwachia msomaji achague. Askofu mkubwa kabisa huyo, hakumfukuza mtu kanisani kwa ajili ya hilo. Na Waefeso wa pili inasema tumejengwa juu ya msingi wa mitume na manabii, Kristo mwenyewe akiwa jiwe kuu la pembeni. Kwa hiyo mitume wamo, Petro yumo tena mbele, sisemi hayumo, na suala la Papa ana nafasi gani ni suala la kweli, hata Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1995 aliandika akiwaomba viongozi wa makanisa mengine washauriane naye namna ya kuitumikia nafasi hiyo ili iwe huduma ya upendo kwa wote. Lakini mitume nao wanasimama kwa sababu ya waliyemshuhudia. Petro bila Yesu ni mvuvi wa Galilaya basi.

Sasa tuje huku kwetu Kusini, manake nikiongea Korintho tu mtasinzia.

Nani aliweka msingi wa kanisa hapa Masasi? Mtoto wa shule atajibu haraka: Askofu Edward Steere, 1876. Sawa, lakini angalia ilivyokuwa. Steere alitoka Unguja na watu zaidi ya hamsini, waliokuwa watumwa wakaachiwa huru, wakashukia Lindi, wakapanda bara kwa miguu, na nia ilikuwa kwenda kuelekea ziwa Nyasa kule ambako wengi wao walitekwa. Masasi haikuwa kwenye mpango. Walifika hapa, wakaiona ardhi, maji, milima hii ya mawe, wakasema tunakaa hapa. Kwa hiyo wanakijiji wa kwanza wa kanisa la Kusini, wale ambao sisi tunajidai kwa dhehebu lao, walikuwa watu waliouzwa sokoni, watu wa makabila mchanganyiko wasio na ukoo hapa wala shamba. Huwezi kuwaambia watu kama wale habari ya msingi wa ukabila, walikuwa hawana. Na padre wa kwanza Mwafrika wa UMCA, Cecil Majaliwa, aliyepewa upadre mwaka 1890 na akafanya kazi miaka mingi Chitangali, naye alikuwa mtumwa aliyekombolewa. Mimi nikisikia leo mtu anasema askofu lazima atoke kabila letu, Mmakua anataka Mmakua na Mmakonde anataka Mmakonde na Myao hivyo hivyo, nawakumbuka wale.

Haikuchukua muda. Mwaka 1882 Wangoni walivamia Masasi, nyumba zikachomwa, watu wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka, misheni ikahamia Newala kwa chifu Matola. Kanisa limekwisha? Halijakwisha. Mwaka 1905 ikaja Maji Maji. Hapa naomba tusikilizane, wale babu zetu waliopigana walikuwa na sababu, kodi ya Mjerumani na viboko na kulimishwa pamba kwa lazima siyo mambo ya kuyafumbia macho, na kwa macho yao mzungu wa boma na mzungu wa misheni walikuwa kitu kimoja. Basi misheni ya Lukuledi ikachomwa, Nyangao ikachomwa na sista Walburga akauawa, Masasi ya Waanglikana nayo ikachomwa, na kule karibu na Liwale Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, akauawa tarehe 14 Agosti pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Moto haukuuliza huyu Mkatoliki wa Roma au Muanglikana wa Canterbury. Mwaka uliofuata Wabenediktini wakaanza Ndanda, na Waanglikana wakarudi Masasi.

Na bado. Vita ya kwanza ya dunia, Wajerumani wakawakamata wamisionari Waingereza wa UMCA, na mapadre na walimu Waafrika wakafungwa na kuchapwa kwa kudhaniwa ni wapelelezi. Vita ikageuka, Waingereza wakashinda, sasa ikawa zamu ya wamisionari Wajerumani wa Ndanda kuondolewa, mpaka wakaja Waswisi miaka ya ishirini. Kwa hiyo kuna miaka hapa Kusini, pande zote mbili, wazungu hawakuwepo. Aliyekuwepo ni mwalimu wa kijijini, mwenye kitabu kimoja cha sala kilichochanika, anawakusanya watu chini ya mwembe na kuwafundisha watoto Baba Yetu. Hakuwa na gari wala mshahara wa maana, mara nyingi hakuwa na mtu wa kumtuma wala wa kumpa ripoti. Kanisa likabaki. Ndo maana nasema mkiniuliza msingi wa kanisa ni nini sitawapa jina la shirika, kwa sababu mashirika yaliondolewa yote kwa wakati wake na kanisa halikuanguka. Kuna kitu kilikuwa chini ya pale ambacho wao hawakukiweka na serikali haikuweza kukiondoa.

Ila tusidanganyane, waliporudi wakarudi na ugomvi wao. Anglikana wana shule kijiji hiki, Katoliki wanafungua ng'ambo ya mto, watoto wa baba mmoja wakasomeshwa kila mmoja kwao na wakafundishwa kwamba mwenzako amepotea. Kusema kweli mambo hayo ya Ulaya yaliletwa yakiwa yamefungashwa tayari, sisi tukayapokea na mzigo wote bila kufungua kuangalia ndani kuna nini.

Kuna kisa kimoja nakipenda na kinanisumbua vilevile. Mwaka 1913 kule Kikuyu, Kenya, wamisionari wa Kiprotestanti, Wapresbiteri wa Scotland, CMS na wengine, walikaa wakapanga makanisa yao yashirikiane kwa karibu, na mwishoni wakafanya ushirika mtakatifu wa pamoja ndani ya kanisa la Wascotland, Askofu Peel wa Mombasa akiongoza. Habari ikafika Unguja. Askofu wetu wakati ule, manake Masasi ilikuwa chini ya Unguja, alikuwa Frank Weston, na Weston alikasirika sana, akawashitaki Peel na mwenzake Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwamba ni wazushi. Kelele zikafika mpaka magazeti ya Uingereza. Jibu lilipokuja, watu wakalitania kwamba maana yake ni kuwa mkutano ule ulimpendeza Mungu sana na usirudiwe tena kamwe.

Sasa Weston alikosea au alipatia? Mimi sitaki kumtupa. Alichokuwa anakiogopa ni umoja wa kubandika, watu kukumbatiana juu juu huku hawajakubaliana meza ile ni ya nani na nani ana ruhusa ya kuihudumia. Hiyo hofu ina haki yake. Lakini huyohuyo Weston mwaka 1920 alikuwa mmoja wa maaskofu waliosaidia kuandaa wito wa Lambeth, mkutano wa maaskofu wa Anglikana, kwa Wakristo wote watafute umoja, na mwaka huohuo aliandika kuipinga serikali ya kikoloni kwa kuwalazimisha Waafrika kazi, na mwaka 1923 akawaambia Waanglikana wenzake wa London, wapenda ubani kama sisi, kwamba huwezi kumwabudu Yesu ndani ya tabernakulo, kile kisanduku cha Ekaristi, kama humhurumii Yesu anayeishi kwenye vibanda vya maskini. Mtu aliyekuwa mkali wa mafundisho na mkali wa haki kwa pamoja. Siku hizi tunapata mmoja bila mwingine.

Jambo ambalo nataka tukae nalo kidogo ni ubatizo, kwa sababu hapo ndo tunaumizana sana huku mtaani.

Kijana amebatizwa mtoto Chidya au Lukuledi, kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Anahamia Mtwara mjini kutafuta kazi bandarini, anaingia kanisa jipya, anaambiwa ule haukuwa ubatizo, ulinyunyiziwa tu, njoo uzamishwe. Najua ndugu zetu Wapentekoste na Wasabato mnaamini hivyo kutoka moyoni, ubatizo wa mtu anayejua anachofanya na wa maji mengi, na mna mistari yenu, siwezi kuwabishia hapa na kuimaliza. Lakini nawaomba mjue kwamba kesi hii siyo mpya. Karne ya tatu Sipriano, askofu wa Karthago huko Afrika ya Kaskazini, alishikilia kwamba aliyebatizwa na wazushi abatizwe upya, na Stefano askofu wa Roma akasema hapana. Waligombana vikali kwa barua. Sipriano akakatwa kichwa kwa ajili ya Kristo mwaka 258, na Roma iliyogombana naye inamhesabu mtakatifu mpaka leo, jina lake linatajwa kwenye Misa.

Halafu baada ya mateso ya Kaisari Diokletiano wa Roma yaliyoanza mwaka 303 ikatokea kubwa zaidi, tena ni Afrika hiyohiyo. Kuna viongozi waliosalimisha vitabu vitakatifu kwa askari ili wasiuawe. Mateso yalipoisha watu wakasema hawa ni wasaliti, sakramenti zao hazifai, na kanisa lolote linaloshirikiana nao limechafuka. Wakaitwa Wadonato. Wakajenga makanisa yao, maaskofu wao, mji mmoja maaskofu wawili, kwa mamia ya miaka. Augustino akawajibu kwa hoja ambayo mimi naona ndo kiini cha leo: akibatiza Petro, anayebatiza ni Kristo, akibatiza Yuda, anayebatiza ni Kristo. Usafi wa kanisa haukai kwenye mikono ya padre. Ungekaa pale nani angepona?

Sasa nikitazama tunavyogawanyika leo, mara nyingi siyo hata kwa mafundisho. Ni Udonato uleule umevaa suti. Mchungaji wetu ana nguvu kuliko wenu, nabii wetu ameona maono, yule padre tulimwona baa. Au ni mambo ya hela, sadaka imesomwa vibaya, kiwanja kimeandikwa jina la mtu, watu wanakwenda mahakamani, kesi inaisha na makanisa mawili yaliyopakana ukuta yanayopigiana spika jumapili asubuhi. Na majirani zetu Waislamu, ambao huku pwani ndio wengi na ni ndugu zetu wa damu kabisa, wanakaa barazani wanatuangalia. Bwana aliomba kwenye Yohana kumi na saba kwamba wote wawe na umoja ili ulimwengu upate kusadiki. Ile ili ni nzito. Mzee mmoja wa Mikindani aliwahi kuniuliza kwa upole kabisa, mwalimu, hivi nikitaka kuwa Mkristo niingie Ukristo upi? Sikuwa na jibu la kumridhisha na bado sina.

Lakini sitaki mtoke hapa mkiwa na huzuni, kwa sababu kuna mambo yametendeka. Hii wiki yenyewe, 18 mpaka 25 Januari, ilianzishwa Marekani mwaka 1908 na Paul Wattson, alikuwa padre wa Kianglikana, mwaka uliofuata yeye na jumuiya yake wakaingia Katoliki, na leo inaadhimishwa na wote. Tarehe 7 Desemba 1965 Papa Paulo wa Sita na Patriaki Athenagoras wa Konstantinopoli, mkuu wa Waorthodoksi, walizifuta rasmi laana ambazo wakubwa wa Roma na Konstantinopoli walitupiana mwaka 1054. Miaka mia tisa na kumi na moja ya laana! Tarehe 31 Oktoba 1999 kule Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walisaini tamko kwamba kwenye jambo la kuhesabiwa haki kwa imani, lile lililowasha moto wa Martin Luther mwaka 1517, wanakubaliana kwenye kweli za msingi, na Wamethodisti wakajiunga 2006. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa Katoliki, mwaka 1964 ulitamka kwamba anayemwamini Kristo na kubatizwa inavyopasa ana ushirika na Kanisa Katoliki hata kama haujakamilika. Kwa hiyo paroko akikupokea wewe Muanglikana au Mlutheri hakubatizi upya, hilo limekwisha. Biblia tunayosoma wengi wetu, ile ya 1952, ilitengenezwa kwa kuunganisha kazi za watu wa Mombasa na wa Unguja waliokuwa kila mmoja na Kiswahili chake na Biblia yake, na ile ya Habari Njema wameitafsiri Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja. Tunasoma kitabu kimoja halafu tunauliza kama tuna kitu cha pamoja.

Na huku kwetu kuna Daktari Leader Stirling, wazee wanamkumbuka. Alikuja na UMCA miaka ya 1930, akapasua watu Lulindi kwenye hospitali ya kienyeji kabisa, baadaye akaingia Katoliki, na kuanzia 1949 akafanya kazi Mnero kwa Wabenediktini. Miaka ya sabini akawa waziri wa afya wa nchi. Kuhama kwake kuliwauma baadhi ya watu, haikuwa jambo jepesi. Lakini mgonjwa wa ngiri wa Lulindi na wa Mnero walishonwa na mkono uleule.

Nimeona kijana ameandika swali kwenye karatasi: kwa hiyo tufunge madhehebu tuwe kanisa moja? Hapana, mwanangu, angalau siyo kwa amri. Tukiunganisha ofisi kesho kutwa tutagombania kiti cha mwenyekiti tu. Kuna tofauti za kweli, Ekaristi, upadre, Mama Maria, sabato, na mtu anayekwambia hazina maana hajazisoma. Hata leo tumesali pamoja hapa ila meza ya Bwana hatujashiriki pamoja, na inauma, na mimi nadhani ni vizuri iume. Kidonda kikiacha kuuma kabla hakijapona hapo ndo pa kuogopa.

Ila kuna moja ambalo halihitaji Roma wala Canterbury wala makao makuu ya mtu yeyote, nalo ni misiba. Sote tumeyaona. Mama wa Katoliki, baba Anglikana, mtoto wa kwanza yuko Pentekoste, mtoto wa mwisho Msabato. Mama anafariki, mwili uko ndani, na nje chini ya mkorosho watu wanabishana nani azike, huyu anasema alihamia kwetu, yule anasema jina bado lipo kwenye daftari letu, na wa tatu anasema hakulipa zaka miaka mitatu hatumziki. Jua linapanda. Waislamu wa jirani wameshachimba kaburi wamemaliza wanangoja. Nimeshuhudia jeneza limefikishwa kanisani, kanisa silitaji, likaambiwa lisiingie ndani kwa sababu ya kadi ya marehemu, na watu wakageuka nalo mpaka makaburini bila sala mpaka katekista wa kanisa lingine kabisa alipovua kofia akaanzisha Baba Yetu, wote wakaitikia. Pale kaburini sikusikia mtu anauliza Baba Yetu ya nani.

Kwa hiyo mapadre na wachungaji mliokaa hapa mbele, kabla hamjala hilo pilau, naomba mkae kwenye chumba cha pembeni muandike karatasi moja, siyo azimio refu, ukurasa mmoja unatosha: familia yenye makanisa mawili au matatu ikifiwa nani anaongoza, nani anasoma neno, familia isikilizwe kwa kiasi gani, na kwamba hakuna marehemu aliyebatizwa atakayerudishwa mlangoni kwa sababu ya zaka. Ambaye mafundisho ya kanisa lake hayamruhusu kipengele fulani aseme hapohapo kiandikwe pembeni, hatumlazimishi. Mkisaini, mimi nitaichukua nikatoe kopi stendi pale, na vijana wa pikipiki wameshanikubalia kuzipeleka Lulindi, Chidya, Lukuledi mpaka Nanyumbu wiki hiihii kabla mito haijajaa.